Chango Lililotulia Mara Moja

Mikono yangu hii imekanda matumbo ya nusu ya mtaa. Sijisifu, ni kweli. Nikienda zangu dukani kununua chumvi, mtu hata salamu hajamaliza: "Mama, alasiri uko nyumbani? Binti yangu chango lamsumbua." Nami hupenda, kwa nini niongope. Hupenda mtu aingie kwangu amejikunja, atoke amenyooka. Na hapo kati twapiga soga. Mara aniambia habari za mumewe, mara nyumba ile ya ghorofa bomba limepasuka juu, maji yamemwagikia jirani kwenye birika la chai, twacheka mpaka kukanda kwenyewe twakusahau.

Lakini siku hizi mtu akija namuuliza maswali mpaka anichoka. Lilianza lini? Lilianzia wapi? Likenda wapi? Ukikohoa je? "Ah, mama, umekuwa daktari?" Sijawa daktari. Shule nimesoma mpaka darasa la pili, nikatolewa nikae nyumbani. Chuoni nimehitimu msahafu, alhamdulillahi, na hii kazi ya mikono nimeipata kwa mama yangu, naye kwa mamake. Hayo maswali ndiyo sikuyapata kwao. Hayo nimefundishwa na kijana mmoja wa bara, na ada niliyolipa sitaki mtu mwengine ailipe. Ndiyo maana nayasema haya.

Kwanza mjue chango ni nini, maana yule kijana mwenyewe hakujua. Kila mtu ana chango ndani ya tumbo lake, ndivyo tulivyoambiwa sisi. Likiwa mahali pake umekaa raha. Likikasirika latembea. Leo liko chini ya kitovu, kesho liko ubavuni, latafuta pa kukaa. Mwanamke ndiye lamtesa zaidi. Sasa dawa yake ni kulikanda ulirudishe. Mtu alala chali, magoti juu, wapasha uto wa simsim na karafuu mbili tatu ndani, wapaka, waanza pole pole kwenye kitovu na vidole gumba. Chango lakimbia chini ya kidole, nawe walifuata. Ndivyo.

Nakaa na binti yangu na mwanawe wa kike, mjukuu wangu. Wakati huo mtoto ana miaka tisa, yuko shule huko Tononoka, ana maneno kama mimi na hasira kama babake. Binti yangu ni karani kwenye godauni Shimanzi, makontena yakiingia yeye ndiye aandikaye. Yeye aliwahi kuniambia zamani, kwa adabu, tukimenya vitunguu: "Mama, mimi umenikanda mpaka nimezaa na sisemi kitu. Lakini huyu mwanangu, akiumwa na tumbo, usimkande. Nipigie simu."

Nikamwambia haya. Ile haya ya mdomoni.

Jumapili moja tulikwenda ufukweni Mama Ngina jioni, sote watatu. Mtoto kala mihogo ya pilipili na ndimu, kala viazi karai, ukwaju kaunywa mpaka karamba mkono. Jumatatu mapema kenda shule. Saa sita mwalimu akapiga simu, mtoto aumwa. Nikamfuata. Njia nzima yuwalia, "Nyanya, moyo wanichafuka." Na chembe cha moyo chamuuma, hapa juu ya tumbo. Akatapika mara mbili mlangoni kabla hatujaingia. Mimi na mamake jioni tukaketi tukahukumu: ni ukwaju. Nani asingesema ukwaju? Tukampa maji ya sukari na chumvi, akalala.

Jumanne asubuhi mamake kaenda kazini. Mlangoni akageuka. "Akizidi, mama, nipigie."

Akazidi. Sikupiga.

Maumivu yalikuwa yameshuka. Hayako tena kwenye chembe cha moyo, yako chini, upande wa mkono wa kulia, karibu na nyonga. Mimi nikafurahi, wallahi! Nikasema, sasa najua. Ukwaju hautembei. Kinachotembea ni chango. Nikapasha uto.

"Mama kasema usinikande," mtoto akaniambia, lakini kwa sauti ya mtu atakaye akandwe.

"Mama yuko Shimanzi ahesabu makontena. Lala chali."

Akalala. Mguu wa kushoto akaunyoosha, wa kulia kaukunja.

"Nyoosha mguu."

"Haunyooki, Nyanya."

"Haunyooki au hutaki?"

"Ukinyooka waniuma huku."

Nikaweka mkono. Sasa hapa nataka niseme sawasawa, nisipunguze. Tumbo la chango lateleza, lacheza, kidole chazama. Hili halikucheza. Upande wa kushoto laini, upande wa kulia limekaza kama ngozi ya ngoma iliyoota jua. Sijapata kulikuta tumbo kama lile kwa mtoto. Mkono wangu ukashtuka, ukajirudisha wenyewe. Mkono ulijua. Mimi mwenye mkono nikasema, chango hili kaidi, nikaurudisha pale pale, nikakaza.

Alilia. Alinishika kifundo cha mkono kwa mikono miwili. Nami nasema, "Subiri, subiri, laenda, laenda." Nilikanda kiasi cha mtu kusali rakaa nne. Na mara akanyamaza. Macho yakamtoka.

"Nyanya! Limetulia."

"Limetulia?"

"Limetulia lote. Haliumi tena."

Nikapiga kigelegele, mimi mtu mzima, chumbani peke yangu. Nikambusu paji la uso. Nikampa bakuli la uji na tende mbili, nikamwambia, "Sasa mama akija, tumwambie limetulia lenyewe. Asije akanikasirikia bure." Akacheka. "Siri yetu." Akalala usingizi.

Alipoamka, baada ya adhuhuri, mwili wawaka. Midomo imekauka. Lakini haumwi, asema, haumwi. Nikampigia mamake. Nikaanza na habari njema: "Kapoa tumbo! Ila ana joto kidogo." Simu ikakatika. Baadaye nikajua malori yalikuwa yamefunga njia yote kule Shimanzi, akatembea kwa miguu mpaka barabarani, akapanda pikipiki, yeye asiyepanda pikipiki hata kwa kulipwa.

Aliingia na viatu. Akamwekea mtoto mkono shingoni. "Kapoa vipi, mama, na mwili wawaka hivi?"

"Tumbo ndilo lililopoa."

"Chukua buibui."

Spitali kubwa ilikuwa imejaa, kama kawaida yake. Tulipofika kwa daktari nikaona ni kijana mwembamba, mtu wa bara, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Akanipa shikamoo kabla hajagusa karatasi. Nikampenda hapo hapo, ndivyo nilivyo, mtu akinipa shikamoo yangu kanipata.

Hakuniuliza mimi, wala mamake. Aliinama akamuuliza mtoto.

"Maumivu yalianza wapi?"

"Kwenye chembe cha moyo."

Akajigusa kifuani kushoto. Nikacheka. "Si huko, daktari! Huko ni moyo wa kupendea. Chembe cha moyo ni hapa." Nikamwonyesha, chini ya kifua, tumbo laanzia. Mtoto naye akacheka, kisha akajikunja akashika tumbo, na kicheko kikakatika. Daktari aliona.

"Kisha yakaenda wapi?"

"Chango likashuka," nikadakia.

"Chango ni nini, nyanya?"

Binti yangu akashusha pumzi. "Ni mambo ya wazee, daktari."

"Mimi nataka kujua," akasema yule kijana. "Lilishuka likakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akarudia polepole, kama mtu ajifunzaye sura ya msahafu: yalianza juu katikati, akatapika, yakashuka chini kulia. Kutapika kulikuja baada ya kuumwa au kabla? Baada. Tumbo limeendesha? Hapana. Hapo akasimamisha kalamu. Binti yangu akamwambia habari ya mihogo na ukwaju, naye akaitika, lakini kalamu haikuandika mihogo.

"Na sasa?"

"Sasa yametulia," mtoto akasema.

"Yalitulia vipi? Pole pole, au mara moja?"

Mtoto akanitazama mimi. Mimi nikatazama kandambili zangu.

"Mimi nilikuwa kazini," akasema binti yangu. "Mama ndiye aliyekuwa naye."

Wakanitazama wote.

"Yametulia tu," nikasema. "Kwa kudra ya Mungu."

Akamlaza. Akaanza kumgusa tumbo, kwanza mbali na penye maumivu, hapo ndipo nilipomwona ana adabu ya mkono. Mtu anayejua kukanda namjua. Hakuanzia palipouma. "Hapa?" "Hapaumi." "Na hapa?" "Hapaumi." Nilikuwa nimesimama kichwani pake, na mtoto ameshika ncha ya leso yangu kwa vidole viwili. Kila akisema hapaumi, leso yavutwa. Hapaumi, yavutwa. Alipofika upande wa kulia leso ilivutwa mpaka ikanitoka begani. "Hapaumi," akasema. Alikuwa aogopa sindano. Na alikuwa anilinda mimi.

Daktari akamshika mkono, akaangalia saa yake, akahesabu. Akahesabu mara ya pili.

"Kuna jambo halinikalii sawa," akamwambia binti yangu. "Mtoto aliyepoa mapigo yake hutulia. Ya huyu yako mbio, kama mtu aliyekimbia. Maumivu yamekwenda na homa imekuja. Atolewe damu, na mkae kwenye benchi saa nzima. Nitamwangalia tena. Asipewe kitu chochote, hata maji."

Tukakaa. Benchi la mbao, mtoto katikati yetu. Alitolewa damu, akalia kidogo, akanyamaza, akaegemea. Nusu saa. Simu ya binti yangu ikaanza kulia: kazini wamtaka, kuna karatasi hazionekani, kontena limezuiliwa. Akajibu mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Mama, twende. Kapoa. Kesho akiamka na homa nitamleta mwenyewe."

"Daktari kasema saa nzima."

"Daktari ana watu mia. Wewe mwenyewe wasema kapoa. Kapoa au hakupoa?"

Ulimi wangu huu, usiopumzika mchana kutwa, ukagandamana.

"Twende, mama," mtoto akasema. "Haniumi."

Akasimama. Alisimama amejikunja. "Simama vyema," mamake akamwambia. "Nimesimama vyema." Akaanza kwenda, mkono wa kulia umeshika nyonga, aburuta hatua kama mimi niamkapo na magoti yangu. Pale nje kuna kidaraja cha ngazi moja, ndogo, hata mtoto wa miaka miwili aishuka. Akafika pale, akasimama. Hakuishuka. Akageuka akanitazama.

"Nyanya, nibebe."

Mtoto huyu aliacha kubebwa akiwa na miaka minne. Ukimbeba akurushia mateke, aona haya kwa wenzake. Nami pale nikayaona mambo yote kwa pamoja: mguu usionyooka, ngozi ya ngoma, leso yavutwa. Nikamwambia binti yangu, "Mshike hapo hapo, asishuke," nikarudi ndani mbio, buibui nimelikusanya mkononi.

Daktari alikuwa amshona mchukuzi mmoja kiganja. Nikapita pazia bila kubisha.

"Mwanangu," nikamwambia, "nimekuongopea."

Sindano ikasimama hewani. Nyuma yangu nikasikia viatu vya binti yangu. Hakunisikiliza, alikuwa amenifuata na mtoto mabegani.

"Nilimkanda. Asubuhi. Halikutulia lenyewe, nilimkanda mimi ndipo likatulia. Na nikamfundisha aseme hivyo."

Nilingoja anifokee. Yule mchukuzi mwenyewe alikuwa amekaza macho kunitazama. Lakini daktari aliniuliza, "Saa ngapi?"

"Saa nne. Nne na nusu."

"Mkono wako ulisikia nini?"

Miaka yote ya kazi yangu hakuna aliyepata kuniuliza hivyo. Nikamwambia kila kitu: kushoto laini, kulia ngoma, mguu umekunjwa, mkono ulivyojirudisha. "Na lilitulia pole pole?" "La. Mara moja. Yuwalia, mara kanyamaza."

Akamaliza fundo, akamwachia muuguzi ile kazi, akavua glavu.

"Nyanya, jipu likitumbuka, maumivu yake huwaje?"

"Hutulia."

"Kwa sababu usaha umetoka nje. Sasa kama jipu liko ndani ya tumbo, likatumbuka, usaha utakwenda wapi?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyokuwa pale.

Akamlaza mtoto tena. Safari hii nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikamwambia, "Siri imekwisha, mama. Sema kweli. Nyanya ndiye mwenye makosa, wewe huna." Daktari akaminya pole pole upande wa kulia, akakaa hapo, mtoto akavumilia. Kisha akaachia ghafla. Mtoto alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Si kule kuminya kulikomuuma, ni kule kuachia. Daktari akamtazama muuguzi, akasema maneno mawili matatu ya kidaktari, na watu wakaanza kwenda haraka.

Binti yangu alisema neno moja tu. "Mama." Nikamngojea amalize. Hakumaliza.

Akaja muuguzi na karatasi. "Mtoto amekula lini mara ya mwisho?"

"Hajala tangu jana mchana," nikasema, na ni kweli kabisa, hajala. Akaandika. Akageuka kwenda. Nami nikamkamata mkono wa nguo.

"Mwanangu, usiandike kwanza. Sisi kula ni wali. Wali hajala. Uji kanywa, saa tano, bakuli zima."

"Lo, nyanya! Na uji si chakula?"

"Uji ni uji."

Daktari akaja. "Kuna kitu kingine alichopata ambacho hakiitwi chakula?"

"Tende mbili. Chai ya tangawizi, kikombe. Na kombe."

"Kombe?"

"Sahani imeandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa, akanywa yale maji," binti yangu akamfafanulia, kwa sauti ya kuchoka. Muuguzi akauma mdomo asicheke. Daktari hakucheka. Akaniambia nimefanya vyema kusema, kwa sababu tumbo likiwa na kitu, dawa ya usingizi yaweza kukipandisha kooni kikateremkia mapafuni, na sasa wanajua watamlaza vipi. Nilipoanza kusema kweli siku ile sikujua pa kusimama. Nilimwambia mpaka habari ya dawa ya minyoo ya mwaka uliopita.

Walimchukua alasiri. Kabla ya mlango kufungwa alinyoosha mkono, nikampa ncha ya leso, muuguzi akaitoa kidogo kidogo kwenye vidole vyake.

Nje ya chumba kile kuna viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Binti yangu alikaa, mimi nikakaa, kati yetu kiti kimoja kitupu. Juu ya kile kiti akaweka mkoba wake. Sikumlaumu. Simu ikalia ya kazini, akaizima. Adhana ya maghrib ikasikika kutoka misikiti ya mjini, mmoja waanza, mwengine wapokea. Niliswali nimekaa pale pale. Katika dua sikujua niombe nini kwanza, uzima wa mtoto au msamaha wa mamake. Nikaomba uzima. Ule mwengine nikaona haya kuuomba.

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa bado yanukia karafuu.

Daktari alipotoka kofia ilikuwa imemlowa kwa jasho. Akatwambia mtoto yu hai. Kidole tumbo, kijiutumbo kidogo cha chini kulia, kilikuwa kimepasuka, usaha umetapakaa, wameosha sana, wamemwekea mpira ubavuni wa kutolea uchafu. Siku mbili tatu hizi ndizo za kutazamwa. Binti yangu akafunika uso kwa mtandio.

Nikamuuliza. Ilikuwa lazima niulize. "Ni mkono wangu uliokipasua?"

Akachukua ule mkoba wa binti yangu, akampa mwenyewe, akakaa kwenye kile kiti.

"Sijui, nyanya. Kilikuwa kimeoza tangu jana. Pengine kingepasuka chenyewe saa ile ile. Pengine mkono ulikiharakisha. Sitakwambia ndiyo, wala sitakwambia la, kwa jambo nisilolijua."

Ningefurahi angenidanganya. Wengi wangenidanganya, kwa huruma. Mpaka leo lile sijui nalala nalo. Lakini nilimwamini mengine yote kwa sababu ya lile.

"Ninalolijua," akasema, "tumbo lililokaza namna ile halikandwi. Na nilitaka kumfungua tumbo tangu mwanzo, ila sikuwa na la kushika. Ulinipa la kushika. Mngeteremka ile ngazi…" Akasimama.

Siku ya tatu homa ilirudi, tukaogopa upya. Ule mpira watoa maji machafu, mtoto hana rangi, macho yameingia ndani. Binti yangu alinijibu salamu, na akanipa chai, na hakuna zaidi. Twakaa pande mbili za kitanda kama watu wasiojuana waliokutana kwenye msiba. Na kila asubuhi daktari aja, aweka masikio yake ya mpira tumboni, amuuliza mtoto swali moja: "Umetoa upepo?"

Mtoto ajificha kwa shuka. Kwetu hilo haliulizwi mbele za watu, sembuse na mwanamume! Lakini daktari akatwambia matumbo yamelala, na mtu hujua yameamka kwa upepo kutoka. Mpaka utoke, hali wala hanywi.

Siku ya tano, saa mbili asubuhi, wodi imenyamaza, madaktari wako kitanda cha tatu. Ukasikika. Mrefu, una mwanzo na una mwisho. Mtoto akajifunika gubigubi. Na kutoka kitanda cha mwisho bibi mmoja wa Kihindi, mwenye mjukuu aliyevunjika mguu, akasema kwa sauti kubwa, "Mashallah!" Wodi nzima ikavunjika mbavu. Daktari kule kapiga makofi. Mimi nacheka machozi yanitoka, natazama, binti yangu naye acheka, macho yetu yakakutana juu ya kile kitanda. Hakuyaondoa upesi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Tulikaa siku kumi na moja. Mtoto akawa mwembamba, miguu kama fimbo, ngozi imekauka kwa kulala. Siku ya mwisho binti yangu alipitia nyumbani kuleta nguo za kutokea. Akaja na mkoba, akatoa gauni, akatoa viatu. Kisha akatoa chupa. Uto wangu wa simsim, ile chupa yenyewe, aliitoa shubakani nilipoiacha siku ile. Sikuwa nimeigusa tena, na nilikuwa nimekata shauri sitaigusa.

Akanitilia mkononi.

"Miguu tu, mama," akasema. "Imemkauka. Tumbo usilikaribie."

"Silikaribii."

"Miguu tu."

"Nimesikia, mwanangu."

Nikamimina kidogo kiganjani. Mtoto alikuwa amelala chali, goti la kulia amelikunja kwa mazoea. Nikamwambia, "Nyoosha mguu."

Akanyoosha.